Punje Mbovu Tulizowapa Kuku

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na blanketi, kisha mmoja wenu akasimama akasema, "Mzee Ndahani, tuandikie na sisi tulioingia juzi, tujue maabara ilikuwaje." Saa nimeitundika. Blanketi amelichukua mke wangu. Kuandika nimechelewa, kwa sababu kila nikishika kalamu najikuta narudi kwenye jambo moja ambalo mpaka leo sijalielewa. Nikaona bora niliandike hivyo hivyo, bila kulielewa. Mambo ya vyeo nitayaruka. Vilikuwa vichache na havina hadithi.

Nilianza kazi Mpwapwa, kwenye maabara iliyokuwa ikipima malisho na maziwa ya ng'ombe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kemia niliyoijua ni ile ya ubaoni. Vyombo vya kioo shuleni kwetu vilifungiwa kabatini visivunjike, kwa hiyo nilikuwa sijawahi kushika hata kimoja. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Kibwana, fundi wa zamani pale, mtu wa Mpwapwa mjini, mwenye kofia ya kufuma na kikohozi kisichoisha. Hakuniuliza cheti. Alinionyesha beseni lililojaa mirija ya kioo, akaondoka. Niliosha asubuhi nzima. Aliporudi aliinua mrija mmoja kuelekea dirishani.

"Umeosha huu?"

"Nimeosha, mzee."

"Umeosha wa kunywea chai au wa kupimia?"

Akamimina maji ndani yake, akanionyesha. Kioo kikitakata, maji yanateleza yote pamoja. Kikiwa na mafuta, yanabaki matone matone, kama jasho kwenye paji la mtu aliyebanwa na maswali. "Rudia," akasema. "Ukimaliza, rudia tena hata kama imetakata, mkono uzoee."

Mkono ukazoea. Mpaka leo siwezi kunywa maji kwenye glasi ya hotelini bila kuiinua kwenye mwanga, na mke wangu huona aibu. Aliyonifundisha Mzee Kibwana yalinibeba miaka yote. Lakini yapo mengine ambayo mkono wangu ulikuwa umeshayazoea kabla ya Mpwapwa, nyumbani kwa mama yangu, na hayo hakuna aliyenifundisha kuyaacha.

Baadaye nikahamia maabara ya Dodoma mjini, kazi yangu ikawa kuwahudumia wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Walikuja wakijua vitabu kuliko mimi, na ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilitayarisha sampuli: kusaga, kupima uzito, kuloweka kwenye methanoli, kuchuja, na mwisho kuingiza tone kwenye ile mashine kubwa ya kutenganisha kemikali. Wanafunzi waliiita kwa herufi zake nne za Kiingereza. Sisi mafundi tuliiita Bibi, kwa sababu ilichukua muda kuamka, haikutaka kuharakishwa, na umeme ukikatika ilinuna kutwa. Inachora mstari kwenye kompyuta. Kilima kikiota mahali pake, sumu unayoitafuta ipo. Kilima kikiwa kirefu, ipo nyingi. Mstari ukilala kama mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi, hakuna kitu.

Niseme ukweli, yanayotendeka ndani ya Bibi sikuwahi kuyaelewa sawasawa. Nilijua la kufanya na mpangilio wake. Kwa nini linafanyika, nilielezwa mara nyingi, nikatikisa kichwa mara nyingi. Msinifuate katika hilo la kutikisa kichwa.

Zuhura alikuja kwa shahada ya uzamili. Ni mtoto wa Majengo. Mama yake anauza karanga na mahindi pale sokoni, kama bibi yake kabla yake, na yeye alikua akifanyia hesabu za shule juu ya magunia. Alitafiti sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Haina harufu wala ladha. Mtoto mdogo akiila kidogo kidogo kila siku inaweza kumdumaza, na mtu mzima inamwendea ini. Zuhura alitaka kuifuata safari yake yote, kutoka kwenye nafaka ya nyumbani, kwenda kwenye maziwa ya mama, hadi kwenye mkojo wa mtoto.

Baada ya mavuno tulikwenda kijiji kimoja upande wa Bahi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu najua kusafiri na vichupa bila kuvivunja, na kwa sababu ni Mgogo. Zuhura alijua Kigogo cha sokoni tu, ambacho kinatosha kumuuzia mtu karanga lakini hakitoshi kumwomba mwanamke maziwa yake kwenye kichupa.

Mwenyekiti wa kitongoji alitupokea kwa mashaka. "Walikuja wengine wakachukua damu," alisema. "Hatujawaona tena. Hata kutuambia tu wagonjwa ni akina nani. Na nyie?"

"Sisi tutarudi, baba," Zuhura alisema. "Nakuahidi."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Seche, mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto wa kike mgongoni, Sechelela, anayenyonya na kuanza kulishwa uji. Nikasalimia, "Mbukwenyi," nikaeleza tunachotaka: bakuli la mahindi, bakuli la karanga, maziwa kidogo, na mkojo wa mtoto. Akacheka kwa hilo la mwisho, akasema tusubiri uwanjani. Tulisubiri sana. Zuhura alianza kutazama saa. Mama akatoka na bakuli mbili zilizojaa, punje nene, zinazong'aa, amezifunika kwa kitambaa, akatupa kwa mikono miwili.

"Huyu mama ana adabu," nikamwambia Zuhura tulipotoka, nikiwa na fahari kidogo kwa ajili ya kabila langu.

Nyumba zote zilikuwa hivyo. Tulingoja, tukapewa vizuri, tukashukuru.

Mjini tuligawa kila mfuko mara mbili, nusu ya kupima na nusu ya akiba, na vichupa vya maziwa na mkojo tukaviweka kwenye friza kusubiri kemikali zake ambazo zilikuwa bado hazijafika kutoka nje. Nafaka niliitayarisha mimi. Zuhura alikaa kwenye kompyuta, mimi kwenye kinu, na Bibi siku hizo alikuwa mtulivu. Mistari ikalala. Nyumba baada ya nyumba, imelala. Profesa aliyekuwa akimsimamia alifurahi, akasema ni habari njema na si kawaida, akamruhusu atimize ahadi yake ya kurudi kijijini na majibu.

Hapo nilifanya kosa ambalo nililigundua baadaye sana. Zuhura alisimama mbele ya watu akasema kwa uangalifu, kama walivyofundishwa, kwamba katika sampuli zilizopimwa mpaka sasa hakijaonekana kiwango cha sumu cha kutia wasiwasi, na kwamba vipimo vingine bado. Akanigeukia nitafsiri. Kigogo changu ni cha jikoni kwa mama. Nilitafuta neno la sampuli, nikatafuta la kiwango, nikaona watu wananitazama, nikasema, "Chakula chenu ni safi."

Wakapiga vigelegele. Zuhura akaniuliza, "Wameelewa eeh?" Nikamwambia wameelewa sana.

Kisha kemikali zikafika, tukapima maziwa na mikojo. Vilima vikaota. Si kila mahali, lakini vingi, na cha Mama Seche kilikuwa kirefu, na cha mtoto wake kikimfuata.

Sijui niwaeleze vipi zile wiki. Mtoto ana sumu, mama ana sumu, chakula hakina. Imeingilia wapi? Tulibadilisha methanoli. Tulibadilisha maji. Tulimsafisha Bibi kutoka kichwani mpaka mkiani, tukampa sumu tunayoijua tuone kama ataitambua, akaitambua mara moja, tena kwa dharau. Profesa alisema kwenye simu, "Mmechanganya vichupa," tukakagua vichupa, havikuchanganywa. Mimi nilianza kudhani labda wanakula kitu kingine hawatuambii. Nililala nikiwa na jibu nikaamka sina. Na muda wa Zuhura ulikuwa unakwisha. Muda wa masomo aliopewa ulibaki mdogo, mavuno yalikuwa yamepita, na nafaka ya msimu ule ambayo mtu angeweza kuipima tena ilikuwa ile akiba ya kwenye mifuko yetu, basi.

Akaamua tupime akiba upya. Asubuhi moja alitoka kununua vitumbua, akanikuta kwenye meza ya kinu.

"Mzee, unafanya nini?"

"Natayarisha."

"Na hizo pembeni?"

"Uchafu."

Akaweka vitumbua chini. Akaokota punje moja kwenye lile fungu dogo, akaigeuza kwenye mwanga. "Mzee, huu si uchafu. Hii ni punje ya mahindi."

"Imeoza."

"Ndiyo imeoza. Hii ndiyo ninayoitafuta."

Nilimtazama bila kuelewa. Naapa sikuelewa. Nikamwambia mtu hasagi uozo. Mama yangu alikuwa akinipiga kofi mkononi nikimwaga mahindi kinuni kabla sijayachambua: unatoa jiwe, unatoa kapi, unatoa iliyooza, iliyosinyaa, iliyotobolewa, ndipo unatwanga. Hata sikumbuki kuanza kuchambua siku ile. Nilikaa, mkono ukafanya.

"Mara ya kwanza pia ulichambua? Zote?"

"Zote."

"Ulizotoa ziko wapi?"

"Nilimpelekea mama watoto, awape kuku."

Akavuta kigoda akakaa. "Kuku wakoje?"

"Wengine walikufa. Tulidhani ni kideri. Nikanunua chanjo."

Akaanza kucheka, kicheko kibaya, mikono usoni. "Kuku wako wamefanya utafiti kuliko mimi," akasema. Halafu hakucheka tena, na mimi nikasimama pale na vitumbua vinapoa, mtu mzima, nikitafuta pa kuweka mikono yangu.

Profesa alipoelezwa alikasirika, ana haki. Kisha akashauri tusiende kijijini kwanza. Tupime upya hiyo akiba iliyobaki, tuwe na uhakika, tusije tukawachanganya wananchi. Lilikuwa shauri la mtu mwenye busara na mimi nililipenda, kwa sababu lingenipa muda wa kutosema kitu. Zuhura alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu.

"Tukisubiri uhakika," akaniuliza, "wao wanakula nini?"

Tukapanda pikipiki mbili, tukaenda.

Mama Seche alikuwa anatwanga. Aliposikia swali la Zuhura kupitia kwangu, kwamba siku ile alituweka uwanjani akifanya nini, alishangaa tunauliza.

"Nilikuwa nachambua. Ulitaka nikupe mgeni mahindi ya kuku?"

"Ndiyo, mama," Zuhura alisema. "Hayo hayo."

"Ungekwenda kunisema mjini."

"Na ya kwenu wenyewe unachambua hivyo hivyo?"

"Ya kwetu nilikuwa nachambua, lakini si kwa kukodoa macho. Ya mgeni ndiyo niliyatoa moja moja."

Hilo neno, nilikuwa, nililisikia lakini sikulishika. Zuhura ndiye aliyelishika. Akaniambia nimuulize, na sasa je?

"Sasa si mlisema safi?" Mama Seche alinigeukia mimi, si yeye. "Ulisema wewe mwenyewe, baba. Chakula chenu ni safi. Nikasema basi, Mungu ametuona. Kuchambua kunakula asubuhi nzima. Huo muda nauweka kwenye jaruba la mpunga."

Nilitafsiri kwa Zuhura. Ilibidi nimtafsirie maneno yangu mwenyewe. Ndipo akajua nilichowaambia watu siku ile ya vigelegele. Alitazama kinu cha Mama Seche, ambamo mahindi yalikuwa yametwangwa na kila kilichokuwamo, kisha akamtazama mtoto aliyekaa kwenye mkeka na kikombe cha uji.

Jioni mwenyekiti akawaita watu. Nilimwomba Zuhura niseme kwa upole, kwamba kuna marekebisho kidogo. Akasema, "Mzee, sema ulivyosema mwanzo, ila kinyume." Nikasimama. Niliwaambia kwamba nilisema chakula ni safi na sikuwa na haki ya kusema hivyo, kwamba walichotupa walikichambua kwa heshima yetu, na mimi nikakichambua tena kwa ujinga wangu, tukapima kilichobaki. Kwamba sumu ipo kwenye maziwa na kwenye mikojo. Kwamba wachambue kama zamani, na zaidi ya zamani, na mbovu wasizile, wala kuku wasiwape.

Mzee mmoja aliyekaa mbele akainua fimbo.

"Subiri nielewe. Mlikuja kutupima. Mkasema tuache."

"Sikusema mwache, mzee, nilisema..."

"Ulisema safi. Watu wakaacha. Sasa mmerudi kutuambia tufanye tulichokuwa tunafanya kabla hamjaja?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Elimu imefika." Watu wakaangua kicheko, na mimi ningefurahi kama kicheko kingemaliza mkutano. Lakini Mama Seche hakuwa amecheka. Alisimama na mtoto mgongoni.

"Hii miezi niliyomlisha," akasema, "imemfanyaje?"

Nilimtafsiria Zuhura. Nilitumaini atakuwa na neno la kitaalamu la kunipa, refu, ambalo ningelifupisha. Akasema, "Mwambie hatujui." Nikamwambia. Akauliza tena, safari hii akimtazama Zuhura moja kwa moja, kwa Kiswahili, "Hamjui, au hamtaki kusema?"

"Hatujui, dada. Tutampima tena. Lakini kipimo kitasema anakula nini sasa. Hakiwezi kusema kilichokwisha kumfanya."

Ile akiba tuliipima bila kuichambua, lakini ilikuwa mifuko michache ambayo mkono wangu ulikuwa haujaifikia, na nayo wenyewe walikuwa wameshatuchambulia. Vilima vidogo viliota. Sehemu gani ya ule mstari uliolala ilikuwa mkono wangu, na sehemu gani ilikuwa adabu ya kina mama? Zuhura alijaribu kupiga hesabu kila namna, akashindwa, kwa sababu ambacho kingetuambia kililiwa na kuku. Alikuwa akinifariji kwamba labda kina mama peke yao walitosha kuharibu matokeo. Labda. Sikuwahi kujua kama alikuwa anaamini.

Aliomba kuongezewa muda, akasubiri msimu mwingine wa mavuno. Wenzake wakavaa majoho yeye akiwa Majengo na mama yake, anapima karanga kwa kopo. Msimu ulipofika alikwenda mwenyewe mpaka kwenye vihenge, akachota juu, katikati na chini, mbele ya wenye nyumba waliokuwa wakiona aibu. Mimi nilipima uzito tu. Nafaka aliniomba nisiiguse, akaomba kwa adabu kiasi kwamba ingekuwa afadhali kama angenifokea. Kwenye tasnifu aliandika yote, kuchambua kwao na kwangu, na akaitetea na kufaulu. Nyumba nyingi msimu ule zilieleweka: ukungu mwingi, vilima virefu. Nyumba ya Mama Seche haikueleweka. Mahindi yake yalikuwa mazuri, anachambua kila siku, na bado kilima cha mtoto kilikuwepo, kifupi, hakiondoki. Zuhura akasema huenda ni karanga za kununua. Profesa akasema huenda ni Bibi. Mimi sina huenda yangu.

Sasa nyinyi mliobaki, nafaka ikiletwa, isageni na uozo wake, na mkiona mkono umeanza kutembea wenyewe, usimamisheni. Na mkitumwa kutafsiri neno msilokuwa nalo, semeni sina. Hayo mawili nina hakika nayo. Mengine nawaachia.

Mwezi uliopita nilikwenda Bahi kwenye msiba, nikapitia kwa Mama Seche. Alinipa kiti, akaendelea na ungo wake. Sechelela alikuwa ametoka shule, akaja akaniamkia, yuko darasa la tatu. Nilimwuliza masomo, akasema anapenda hesabu. Ni mfupi. Wenzake waliokuwa wakimngoja njiani walimzidi kichwa kizima.

Mama yake aliona nilivyokuwa nikimwangalia. "Amefanana na baba yake," akasema, bila mimi kuuliza.

Baba yake alikuwa anafunga mbuzi pale uwanjani. Ni mfupi kweli, sikuwahi kuliona hilo kabla. Nikamtazama baba, nikamtazama mtoto, nikamtazama tena baba.